Mashine Inayonusa Sumu: Inajuaje, na Kwanini Ilimlilia Mjomba Aliyejipaka Gliserini

Mjomba wangu alikuwa anasafiri kwenda Muscat kusalimia wanawe. Kafika uwanja wa ndege vizuri tu, begi limepita, viatu vimevuliwa vimevaliwa, akaja dada mmoja wa ukaguzi na kile kitambaa kidogo kama kipande cha bandeji, akampitishia viganjani, akakichomeka kwenye kimashine, kimashine kikawaka nyekundu. Mzee wa watu miaka sitini na kitu, maisha yake yote hajavuta hata sigara. Wakampima mara ya pili ikawa poa akaruhusiwa, ila alipokaa tu kusubiri ndege akatuma voisi ya dakika nne kwenye grupu la familia kwamba amepimwa bangi mbele ya kadamnasi.

Grupu likawaka. Mmoja anasema ile ni mashine ya madawa ya kulevya, mwingine anasema hapana, siku hizi ni AI inanusa sumu kama ile iliyowahi kumwagwa kwenye treni za Japani na inaijua kila kemikali duniani, mdogo wetu wa mwisho akaleta yake kwamba hata simu ina app inafanya hivohivo. Mimi ndo "mtu wa kompyuta" wa ukoo kwa hiyo nikaitwa kutoa hukumu, nikajibu mistari mitatu, hakuna aliyeelewa. Hili hapa jibu refu.

Tuweke maneno sawa kwanza maana nusu ya ugomvi ilikuwa ya maneno. Mashine ya uwanja wa ndege kazi yake kubwa ni kutafuta mabaki ya vilipuzi, nyingine zimepangiwa na madawa ya kulevya. Lakini teknolojia hiyohiyo ndo iko ndani ya vifaa wanavyobeba askari na zimamoto kutafuta gesi za sumu, kwa hiyo aliyetaja Japani hakuwa mbali sana na ukweli.

Kemikali hatari ninazoongelea ni zile ambazo kiasi kidogo tu kikiingia kwa pumzi au kupitia ngozi kinaua au kulemaza. Watu wakisikia hivo wanawaza vita, wanajeshi na vinyago, ila moja ya majanga makubwa kabisa ilitoka kiwandani: Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiwanda cha dawa za wadudu kilivujisha gesi watu wamelala, wakafa maelfu. Na mpaka kati ya kemikali ya kiwandani na ya vita haupo kihivyo. Klorini inayosafisha maji ya bomba ndo ileile Wajerumani waliyoiachia upepo uipeleke kwa maadui pale Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915.

Klorini angalau inanuka, ni kama jiki ukiimwaga chooni umefunga mlango. Tatizo ni zile zisizonuka. Sarin, sumu ya neva ndo ile ya treni za Japani, haina rangi na huwezi kuitegemea harufu yake. Moshi wa jiko la mkaa una monoksidi ya kaboni, nayo hainuki, unachonusa ni vitu vingine kwenye huo moshi. Hata gesi ya mtungi unayopikia, ile harufu mbaya sio yake, imewekwa makusudi ili ushtuke ikivuja, na kanuni za kuweka harufu zilisukumwa sana na shule moja ya New London, Texas iliyolipuka tarehe 18 Machi 1937 kwa gesi ambayo hakuna aliyeinusa, karibu watu 300 wakafa, wengi wao watoto. Pua yako sio kipimo, tukubaliane hapo. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walijua hilo zamani ndo maana walikuwa wanashuka shimoni na vile vindege vya njano kwenye tundu, kindege kikidondoka mnakimbia, na utaratibu huo umekuja kuachwa 1986 tu, juzi juzi hapo.

Sasa neno la pili, mashine kujifunza, ndo hiyo AI waliyoitaja kwenye grupu. Kawaida kompyuta unaipa sheria: ikitokea hivi fanya vile. Kwenye kujifunza huipi sheria, unaipa mifano mingi yenye majibu, hii ni amonia, hii ni pombe, hii ni hewa tupu, afu inatafuta yenyewe kinachotofautisha. Basi. Hakuna jini humo.

Kama bado haijakaa, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika la APOPO, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na pia makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya anapewa harufu, akisimama kwenye yenyewe anasikia mlio wa "tiki" anapewa kipande cha ndizi, akisimama pengine hapewi kitu. Inarudiwa mpaka anaelewa. Hakuna aliyemkalisha darasani kumweleza baruti imeundwa na nini, yeye anajua tu kwamba harufu hii ina ndizi na ile haina. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo Morogoro akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la kutibu wanyama la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu ambayo kabla yake hakuna panya aliyewahi kuipata. Amefariki Januari 2022, kastaafu na heshima zake.

Kompyuta inafundishwa kama Magawa, ndizi yake ni hesabu tu: ikipatia inabaki hivohivo, ikikosea inajirekebisha kidogo, mara elfu, mara milioni. Lakini kuna tofauti moja kubwa na ndo kiini cha makala hii nzima. Magawa alizaliwa na pua. Kompyuta haina pua, inatengenezewa, na pua tunazoweza kuitengenezea mpaka leo ni dhaifu. Watu wanabishana kuhusu ubongo wa AI, ila mkasa wote uko puani.

Hiyo pua inaitwa sensa, na sio ile ya watu na makazi ya 2022, hii ni kifaa kinachogusana na hewa na kubadilisha kinachokutana nacho kuwa umeme, umeme ukawa namba. Ziko za aina nyingi, nitaje tatu.

Ya kwanza ya bei rahisi, wanafunzi wa vyuo wanazijua kwa majina ya MQ-2, MQ-135, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Ndani kuna oksidi ya bati inayopashwa moto mpaka nyuzi mia kadhaa, gesi fulani zikiigusa umeme unapita kirahisi zaidi. Shida yake haichagui. Ni kama yule jirani anayesema "kuna kitu kinanuka" ila ukimuuliza nini hajui, inaweza kuwa gesi ya mtungi, pombe, moshi, au shangazi kapuliza pafyumu.

Wakaja watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Warwick, Krishna Persaud na George Dodd, mwaka 1982 wakachapisha wazo kwenye jarida la Nature ambalo kwa kweli ni la kijanja: badala ya kuhangaika kutafuta sensa moja inayochagua, chukua kadhaa zisizochagua lakini kila moja ina upendeleo wake, afu usimsikilize yeyote peke yake, angalia picha ya wote kwa pamoja. Wengine wanaita pua ya kielektroniki. Na wewe unafanya hivo kila siku. Unapita uchochoroni harufu inakupiga, hukai ukahesabu hii iliki, hii karafuu, huyu mdalasini, yule bizari nyembamba, unasema "pilau" na unajua mpaka ni nyumba ya ngapi. Umetambua mchanganyiko wote kwa mkupuo. Mtu ana aina karibu 400 za vipokezi vya harufu puani, panya wa kawaida wanazidi 1,000, pua ya kielektroniki inaweza kuwa na sensa nane au kumi na sita. Pima mwenyewe uwiano huo.

Ya pili ndo kama ile iliyomkuta mjomba. Mabaki kwenye kitambaa yanapashwa moto yawe mvuke, molekuli zinapewa chaji ya umeme, zinavutwa ndani ya kimrija chenye hewa, na mashine inapima zimefika mwisho baada ya muda gani. Fikiria bodaboda, noah na lori la mchanga vimeachiwa pamoja kwenye barabara ya Kariakoo saa sita mchana, bodaboda inapenya inafika mwanzo, lori linagongana na kila kitu linafika mwisho. Molekuli ndogo ndo bodaboda. Yote yanaisha ndani ya sehemu za elfu za sekunde. Ila unaona udhaifu: mashine haioni gari, inaona saa ya kufika tu, kwa hiyo vitu viwili tofauti vikifika muda unaokaribiana vinafanana kama mapacha. Losheni na sabuni zenye gliserini zinajulikana kwa kuzisumbua mashine hizi, na mjomba wangu, nimeuliza nimethibitisha, alijipaka gliserini asubuhi ile mikono yote mpaka viwiko kwa sababu ya vumbi.

Ya tatu inatumia mwanga. Unaipiga kemikali kwa leza, mwanga kidogo sana unarudi umebadilika rangi kulingana na molekuli inavyotikisika, kama unavyogonga glasi na sufuria ukajua hii glasi hii sufuria kwa mlio. Hii ni nzuri, inasoma hata kupitia chupa bila kufungua, ila kilichorudi ni hafifu mno na vitu vyenye rangi nzito vinaivuruga.

Zote tatu zinatoa kitu kimoja mwishoni, mstari wa namba unaopanda na kushuka. Zamani mtaalamu alikaa akautazama, au kompyuta ikalinganisha na mistari iliyohifadhiwa. Mashine kujifunza imekuja kusaidia pale mistari inapokuwa michafu, imechanganyikana, kemikali imechanganywa na moshi wa dizeli na jasho na marashi, hapo sheria za mkono zinashindwa na mifano mingi inashinda.

Mpaka hapa inapendeza. Sasa mbona haiko kila mahali?

Kuna data moja maarufu sana kwa watu wa fani hii, ilikusanywa Chuo Kikuu cha California, San Diego kuanzia 2008 mpaka 2011. Sensa 16, gesi sita, vipimo 13,910. Gesi zenyewe wala sio za kutisha, unazijua zote kwa pua: amonia ndo ile ya choo cha stendi, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, toluini ya thina ya rangi, ethanoli ni pombe, ethilini ndo gesi inayotoka kwenye ndizi zikiiva, na asetaldehidi ina kaharufu ka matunda yaliyopitiliza. Walichokuwa wanatafuta sio kutambua gesi, hilo lilikuwa rahisi, walitaka kuona ikifundishwa leo mwakani inakuwaje. Na inakuwa vibaya. Iliyofundishwa kwa miezi ya mwanzo inapatia miezi ya mwanzo, kadiri muda unavyokwenda inaboronga zaidi na zaidi, na gesi ni zilezile. Sensa zimezeeka. Zimekula uchafu, uso wake umebadilika, namba zimesogea kidogo kidogo, ni kama mizani ya dukani ambayo springi imelegea, kilo sio kilo tena lakini mwenye duka bado anaiamini. Mashine haijui kwamba pua yake imechakaa, inaendelea kujibu kwa kujiamini kabisa.

Hili ndo jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi. Matangazo yanaonyesha siku ya kwanza.

Unyevu ni adui mwingine na sisi wa pwani utatuhusu zaidi. Sensa za oksidi ya bati zinahisi mvuke wa maji pia, kwa hiyo iliyofundishwa kwenye maabara kavu yenye kiyoyozi ukiileta Tanga au Mombasa mwezi wa nne inakutana na hewa ambayo haijawahi kuiona. Ni sawa na dereva aliyejifunzia Dodoma barabara pana kavu umkabidhi gari usiku wa mvua Lushoto. Sio kwamba hajui kuendesha.

Halafu kuna kukariri. Sote tumesoma na yule jamaa anayekariri mitihani ya nyuma, akikutana na swali lilelile anapata mia, ukibadilisha namba tu analia. Mashine nazo hivohivo, na ujanja wake ni mbaya zaidi maana inaweza kukariri kitu ambacho hata hukukusudia. Sema mtafiti amepima amonia Jumatatu zote na pombe Alhamisi zote, mashine inaweza kujifunza tofauti ya Jumatatu na Alhamisi, joto la chumba, sensa ilivyoamka, afu ikapata asilimia 98 na hakuna gesi yoyote iliyoitambua. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "AI imetambua gesi ya sumu kwa asilimia 98" swali sio hiyo 98. Swali ni ilifanyiwa mtihani siku nyingine, chumba kingine, kwa kifaa kingine? Mara nyingi ukifika hapo majibu yanakuwa mafupi.

Na mifano inatoka wapi? Kwa picha za paka intaneti imejaa. Kwa sarin hapana, na tushukuru. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali ulianza kazi tarehe 29 Aprili 1997, unasimamiwa na OPCW, shirika la kimataifa lenye makao The Hague, Uholanzi, hawa walipata Nobel ya Amani 2013, na chini ya mkataba huo kushika hata kiasi kidogo ni kwa maabara chache zenye ruhusa. Kwa hiyo wengi wanafundishia vitu vya kuigiza, kemikali isiyo na madhara makubwa ila inayofanana kitabia na ile yenyewe. Kwa gesi ya haradali, sumu ya vita inayobabua ngozi, wanatumia methili salisileti, na hii wewe umeshajipaka, ndo ile harufu kali ya dawa za kuchua misuli, babu akiumwa goti nyumba nzima inajua. Sasa fikiria mashine iliyofundishwa kwa kuigiza: ikilia, imekutana na haradali au na babu?

Kinyume chake pia kipo, kitu halisi chenye undugu na sumu. Dawa nyingi za kuulia wadudu shambani, kundi la oganofosfeti, ni ndugu wa gesi za neva kama sarin, zote zinabana kimeng'enya kilekile mwilini ndo maana hata tiba ya hospitali ina dawa ileile ya atropini. Ndugu wanafanana sura. Kifaa cha gesi za neva kinaweza kumlilia mkulima aliyetoka kupulizia nyanya, na kusema kweli hapo sijui nikiite kimekosea au kimepatia, maana huyo mkulima bila kinyago naye yuko hatarini.

Hesabu ndogo inayowapiga chenga watu wengi

Nibaki kwenye asilimia, sema mashine inapatia kwa 99, kwa sababu humu ndimo mjomba alimo. Chukulia stendi kubwa, watu 100,000 kwa siku, na mashine inakosea mara moja tu kwa watu mia. Asilimia 99, nani ataikataa? Haya, moja kwa mia ya laki moja ni 1,000. Kila siku watu elfu moja wasio na hatia wanawashiwa taa nyekundu. Kwa miaka kumi ni 3,650,000. Na magaidi wenye sumu katika stendi hiyo kwa miaka hiyo kumi pengine ni sifuri. Kwa hiyo kila ikilia, karibu hakika imelia bure, na hapo mashine haijaharibika, inafanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Kitu kinachotafutwa kikiwa adimu sana, hata kosa dogo linazaa umati.

Utasema basi iwe ngumu kulia. Inawezekana, kuna kama kiswichi cha ukali, ila ukikilegeza inaanza kupitisha na sumu zenyewe. Mbwa anayebwekea kila mpita njia mnamzoea hamuamki, na asiyebweka kabisa siku ya mwizi mtamjua. Wanajeshi wa Marekani walilionja hili vita ya Ghuba 1991, ving'ora vyao vya gesi vilikuwa vinalia mara kwa mara kwa moshi wa magari na vitu vingine vya kawaida, mpaka kukawa na watu wanaviona kero.

Na kukosea jina la kemikali kuna gharama yake. Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, mida ya saa mbili asubuhi watu wanaenda kazini, wafuasi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo wakaachia sarin kwenye treni tano za chini ya ardhi. Walikufa watu zaidi ya kumi na zaidi ya 5,000 wakaenda hospitali, wengi kwa miguu na kwa teksi, bila mtu kuwavua nguo wala kuwaosha. Kipimo cha kwanza cha zimamoto kilisema ni asetonitrili, kimiminika cha kawaida tu cha maabara. Polisi walikuja kutangaza sarin saa tano huko. Kwa muda wa saa tatu hizo madaktari walikuwa wanasoma dalili wenyewe, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kwenye baadhi ya hospitali wahudumu nao wakaanza kuumwa kwa mvuke uliokuwa kwenye nguo za wagonjwa. Hilo ndo pengo ambalo watu wa sensa na AI wanajaribu kuliziba, kutoka saa tatu kuwa dakika tatu. Nikiwatania kuhusu gliserini nisieleweke kwamba kazi yenyewe ni upuuzi.

Sasa yale ya grupu.

Kwamba inaijua kila kemikali duniani, hapana. Inajua ilichofundishwa. Tena zile za kawaida hazina jibu la "sijui", ukiifundisha gesi sita afu ukaiwekea moshi wa nyama choma, italazimika kuchagua moja kati ya sita na itachagua kwa kujiamini, itakwambia asetoni. Kuifundisha mashine kusema "hiki sijawahi kukutana nacho" ni moja ya kazi ngumu na kwa maoni yangu ndo muhimu kuliko hizo asilimia. Ndo maana jambo zito halipaswi kuamuliwa kwa kifaa cha mkononi peke yake, kifaa kinakwambia simama, jibu la kisheria linatoka maabara, kwetu huku ni watu wa aina ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wenye mashine kubwa za kutenganisha mchanganyiko na kupima uzito wa molekuli moja moja.

Kwamba simu inanusa kwa app: simu yako ina kamera, maiki, na sensa za mwendo na mwanga, haina ya gesi. App haiwezi kuotesha pua. Wapo wanaounganisha kifaa cha nje na simu, hiyo sawa, simu inakuwa skrini tu. Ukiona app inajiita kipima gesi na haikudai kifaa chochote, futa.

Kwamba AI inaweza kutengeneza sumu mpya: hili halikutoka grupuni, ila watu wanalichanganya na kugundua, na msingi upo. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni moja ya dawa Marekani waliandika jinsi programu yao ya kubuni dawa ilivyogeuzwa mwelekeo kwa majaribio ikatoa maelfu ya michoro ya molekuli zinazokadiriwa kuwa na sumu ndani ya saa chache, wakaogopa wenyewe wakaandika kuonya. Ila ilikuwa michoro kwenye kompyuta, hakuna kilichopikwa, na kutoka mchoro hadi kitu kuna ukuta mkubwa. OPCW wenyewe Oktoba 2024 walikutanisha watu Rabat, Morocco kujadili AI kwa pande zote mbili, inavyosaidia na inavyotisha.

Halafu kuna hili ambalo hakuna aliyeuliza ila ningeulizwa mimi ningeanza nalo. Sumu ya hewa ambayo ina uwezekano mkubwa wa kumkuta msomaji wa hapa sio sarin, ni ile ya jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi, Iringa, Limuru, Njombe, madirisha yamefungwa. Monoksidi ya kaboni inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, unapata kichwa kuuma, usingizi mzito, basi. Na kuitambua hakuhitaji AI hata chembe. Kipo kikengele kidogo cha ukutani chenye sensa moja ya kikemia iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi hiyo, ikifika kiwango inalia, sheria moja tu. Kwa sababu swali ni moja. Mashine kujifunza unaihitaji pale maswali yanapokuwa mengi na hewa ni chafu, ukiipeleka kwenye swali la ndiyo au hapana umenunua trekta kulimia mchicha. Kama kikengele hakipo jiko likae nje, na kuacha dirisha wazi kidogo usikufanye ulale na jiko ndani.

Mjomba karudi wiki iliyopita. Nikamweleza yote haya sebuleni, bodaboda na lori, pilau, watu elfu moja wa stendi, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Sasa mjomba, yule dada alijua kwamba inakosea?" Nikamwambia alijua, ndo maana hakuita polisi, alikupima mara ya pili. Akanyamaza kidogo. Akasema basi angeniambia. Nadhani hapo ana hoja. Kurudi alipitia ukaguzi na mikono mikavu kama gome la mbuyu, kopo la gliserini kalifungia kwenye begi kubwa, na huko Muscat wala hakupimwa.